Kinyago cha Kulungu

Lhaden na Jamtsho walikutana katika soko la mboga mjini Thimphu, asubuhi ya Jumamosi, mikono yao imeshika fungu moja la mwisho la pilipili. Lhaden alikuwa fundi cherehani mwenye ulimi mkali. Jamtsho alicheza ngoma za vinyago katika kikosi cha taifa. Waligawana fungu lile, wakapeana namba, na kwa miezi minne simu hazikukatika.

Halafu siku moja, wakinywa chai ya siagi, Jamtsho akamposa. Ghafla tu.

Badala ya kufurahi, Lhaden aliingiwa na wasiwasi. Mwaka ule vijana wengi wa mtaani kwao walikuwa wakioana harakaharaka ili wapate viza ya mke na mume ya kwenda Australia. Tena Jamtsho alikuwa na tabia mpya: simu ikilia anatoka nje, akirudi anakwepa macho. Mara moja Lhaden alijibanza mlangoni akamsikia akisema, "Hicho cheti cha ndoa usinihimize. Hata sijamwambia." Tangu siku hiyo Lhaden akaacha kupokea simu za Jamtsho.

Sikukuu ya ngoma za vinyago ilipofika alivaa kira yake, vazi refu la hariri nyekundu, akaenda na mama yake kwenye ua wa ngome. Tarumbeta ndefu ziliunguruma, wachezaji wakaingia wakiruka, mapembe ya kulungu vichwani. Mama alifuta machozi, akanong'ona kwamba ngoma hii ikikosa wachezaji, wao watajiita watu wa nchi gani. Lhaden alikuwa akiitafuta miguu ya Jamtsho katikati ya vitambaa vile vya rangi, akijiuliza kama mtu anaweza kucheza hivi huku moyo umeshapanda ndege.

Wakati wa mapumziko alimfuata ujiani nyuma ya ua. Jamtsho alikuwa ameshika kinyago chake, shingo imechubuka, jasho linamtiririka.

"Unanioa mimi, au unaoa viza?"

Jamtsho akaeleza kwamba dada yake aliyeko Perth, Australia, amewaandalia makaratasi wote wawili, na yeye amekataa mara mbili.

"Mbona ukanificha?"

"Niliogopa utasema twende."

"Nipe simu."

Akampa, Lhaden akampigia yule dada. Dada alipopokea alidhani ni Jamtsho, hakungoja hata salamu. "Wewe kichwa cha mti, umeshamwambia binti wa watu, au bado unang'ang'ania kwamba huwezi kuiacha ngoma?"

Lhaden akakata simu. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Mwezi uliopita nilifanya mtihani wa Kiingereza wa kuombea viza," alisema. "Kwa siri. Nimefaulu."

Jamtsho alimtazama kama mtu asiyemfahamu. "Kumbe anayeondoka ni wewe."

Tarumbeta zikaita. Mwenzake mmoja akamvisha kinyago, akakaza kamba. Lhaden akamshika mkono.

"Nakubali kuolewa, Jamtsho. Hapa hapa, na tutabaki hapa; ule mtihani nauacha. Unaniamini?"

Katika matundu ya kinyago hakuona macho, ila giza tu. Alisubiri, na kwa mara ya kwanza alijua uchungu wa kushukiwa. Kisha kulungu akainama polepole, akayagusisha mapembe kwenye paji la uso wa Lhaden, akakimbilia uwanjani.