Kizibao cha Mwekezaji

"Simu wameziacha garini," Emmett Salcedo alinong'onea saa yake ya Garmin. "Wanapanda kilima."

"Kizibao?" mkuu wake akauliza sikioni.

"Amekivaa."

"Safi."

Emmett, jasusi wa serikali, alikimbia taratibu nyuma yao, kama wakimbiaji wengine wa Palo Alto. Mbele yake Blaine Hathorn alitembea na mgeni wake kutoka ng'ambo. Katika mji huu mambo mazito huzungumzwa watu wakitembea kwa miguu, simu zikiwa mbali. Na mwekezaji huvaa kizibao chenye nembo ya kampuni aliyoitilia mtaji, kama mwenye ng'ombe na chapa yake.

Cha leo kilikuwa cha kampuni ya Ingrid Tran, mtalaka wa Emmett. Ingrid alimvisha Blaine kwa mkono wake mwenyewe. Emmett alipoiona picha ya tukio hilo mtandaoni, roho ilimuuma hata chakula hakikupita. Kwani Blaine ana nini? Meno tu!

Kizibao kilipopita kwa dobi, Emmett alishona kinasa sauti ndani ya kola.

Sasa, kupitia kinasa hicho, Blaine alisikika moja kwa moja akijigamba kwamba viti vitatu kati ya vitano vya bodi ni vyake.

"Saa sita tunamng'oa Ingrid kwenye ukurugenzi," akasema. "Mtu wangu akikaa pale, programu ya kuongozea droni ni yenu."

"Hashuku?" mgeni akauliza.

"Ananipenda, bwana. Nikimpa karatasi yoyote anasaini."

Ngumi ya Emmett ikajikunja yenyewe.

"Kamata," mkuu akasema.

Emmett akatimua mbio. Mgeni akachomoa Glock. Kiwiko kikamkuta puani, bastola ikaangukia majanini. Blaine alijaribu kukimbia, akaishia kwenye uzio.

Pingu.

Saa sita ilipita, Ingrid akiwa bado mkurugenzi. Aliteremka kwenye maegesho, akamkuta Emmett ameshika kizibao. Alisikiliza sauti ya Blaine mpaka mwisho, macho makavu.

"Umemkamata kwa ajili ya nchi, au kwa wivu?"

"Nchi ilinituma. Wivu ulinikimbiza."

Ingrid alikaribia kucheka. Kisha akaigusa ile kola.

"Hiki kidude kimekaa humu tangu lini?"

"Jumatatu."

Uso ukamshuka. "Basi niliyomwambia Jumanne uliyasikia."

"Niliyasikia."

Yalikuwa maneno yale yale ya mapenzi ambayo Ingrid aliwahi kumwambia yeye, zamani, jikoni kwao. Emmett akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akaenda zake bila kugeuka.