Nyumba Iliyonyamaza kwa Kiingereza

Nyumba ya Kinyozi haikuhitaji redio. Kinyozi mwenyewe alikuwa mtu wa maneno. Kutwa nzima aliongea na wateja kibandani kwake, na jioni alirudi nyumbani akiwa bado na mengine ya kusema. Mama yake, ambaye wote walimwita Bibi, naye hakuwa nyuma. Binti pacha wa Kinyozi walikuwa na mtindo wao. Mmoja alianza sentensi, mwenzake akaimalizia, kisha wakagombana kwa nini imemaliziwa vibaya. Katikati ya kelele hizo alikaa mkewe, Mama Pacha, akikunja nguo na kucheka.

Mama Pacha alikuwa dobi wa hospitali. Alipokea mashuka machafu kutoka wodini. Aliyaloweka, akayaingiza mashineni, akayapiga pasi, kisha akayarudisha wodini yakinukia. Lakini kila alipokwenda wodini alichelewa kutoka. Atamwinua mgonjwa huyu, atamwekea mto vizuri yule, atacheka kidogo na yule mwingine aliyekata tamaa.

Muuguzi mkuu alikuwa akimwona. Siku moja alimwambia, "Wewe si dobi. Wewe ni muuguzi uliyepotea njia. Nenda chuo."

Maneno hayo yalimwingia Mama Pacha moyoni yakakaa. Alitaka kuwa muuguzi kuliko kitu kingine chochote. Tatizo lilikuwa moja. Chuo kilitaka awe amefaulu mtihani wa Kiingereza. Masomo mengine aliyafaulu tangu shuleni, ila Kiingereza kilimkaa kooni. Alirudia mtihani huo mara mbili, na mara zote mbili alianguka.

Si kwamba alikuwa mvivu. Mara ya kwanza alikariri mitihani ya zamani, vifungu vya habari pamoja na majibu yake, neno kwa neno. Alipofika kwenye chumba cha mtihani alikuta kifungu kingine kabisa. Mara ya pili alichukua kamusi akaanza kukariri maneno tangu herufi ya kwanza. Siku ya mtihani ilipofika, alikuwa hata hajamaliza herufi ya tatu. Watunga mtihani, kwa bahati mbaya, walikuwa wametumia herufi zote.

Safari hii ilikuwa ya mwisho. Chuo hakikupokea mtu aliyepita umri fulani, na Mama Pacha alikuwa akiukaribia. Akianguka tena, atazeekea kwenye mashuka.

Ndipo Kinyozi alipopata wazo lake.

"Dawa nimeipata!" alisema jioni moja, amesimama katikati ya sebule. "Kuanzia leo, humu ndani ni Kiingereza tu! Lugha ni kusema. Tukikisema kutwa kucha, kitamwingia chenyewe."

"Na mimi nisiyekijua?" aliuliza Bibi.

"Utakijua, mama."

"Na atakayesema Kiswahili?" waliuliza pacha kwa pamoja.

"Ataosha vyombo."

Bibi alifikiriwa kwa heshima ya umri wake. Yeye aliruhusiwa kusema Kiswahili. Ila hakuna aliyeruhusiwa kumjibu.

Basi nyumba ikanyamaza. Kinyozi alijua salamu za Kiingereza, na alizimaliza kabla ya chai ya asubuhi. Pacha walijua majina ya wanyama na rangi. Walitazamana tu, mashavu yamejaa maneno. Mama Pacha aliogopa kukosea, kwa hiyo hakufungua mdomo kabisa. Jioni moja maharage yaliungua jikoni. Pacha waliyaona yakiungua. Lakini hawakujua kusema "yanaungua" kwa Kiingereza, na vyombo siku hiyo vilikuwa vingi. Wakasimama wakionyesha moshi kwa vidole. Familia ililala na njaa, tena kimya kimya.

Bibi ndiye aliyeteseka zaidi. Anauliza jambo, mwanawe anatikisa kichwa. Anauliza tena, mkwewe anatabasamu. "Jamani, nimewakosea nini?" alisema, na machozi yakamlengalenga.

Jirani yao alikuwa mwalimu. Alifundisha Kiingereza katika shule ya sekondari, na mara nyingi aliitwa kwenda kusahihisha mitihani. Miaka yote alikuwa amezoea kelele za nyumba ile. Kimya kilipozidi, alipata wasiwasi. Akafunga kitambaa kichwani, akaenda kubisha.

"Hodi!"

Ndani watu walitazamana. Hakuna aliyejua kusema "karibu" kwa Kiingereza.

"Hodi wenyewe!"

"Yes!" aliitikia Kinyozi kwa sauti kubwa.

Mwalimu akaingia, uso umemshuka. "Shikamoo, Bibi. Poleni sana, jamani. Nani amefariki?"

"Marahaba, mwanangu. Hajafariki mtu!" Bibi alilipuka. "Tumekatazwa kusema! Nyumba nzima imegeuzwa mabubu kwa ajili ya mtihani!"

Kinyozi alieleza, na kwa kuwa alieleza kwa Kiswahili, pacha walimwonyesha vyombo kwa kidole. Mwalimu alicheka mpaka akashika ukuta. Alipomtazama Mama Pacha, kicheko kilimwisha. Mama Pacha alikuwa amejiinamia.

"Naogopa, Mwalimu," alisema polepole. "Nasoma, nasoma, halafu naanguka. Labda kichwa changu ni kibovu."

"Kichwa chako ni kizima. Njia ndiyo mbovu."

"Lakini Mwalimu," Kinyozi alijitetea, "lugha si ni kuongea?"

"Kuongea ni kuzuri, kama unaongea na mtu anayejua kukuzidi. Hapa nani anamsahihisha nani?"

Kinyozi alijikuna kichwa.

"Na mtihani wa mke wako ni wa kuandika," Mwalimu aliendelea. "Anapewa kifungu cha habari. Anatakiwa asome, aelewe, ajibu. Hebu nileteeni mtihani mmoja wa zamani. Usiwe ule alioukariri."

Ulipoletwa, Mama Pacha alisoma kifungu kwa sauti. Alisoma vizuri, bila kukwama. Pacha walipiga makofi.

"Safi," alisema Mwalimu. "Kinahusu nini?"

Mama Pacha aliinamia tena karatasi.

"Niambie kwa Kiswahili."

Mama Pacha alimtazama mumewe. "Kwa Kiswahili? Hata nikisoma Kiingereza naruhusiwa?"

"Unaruhusiwa!" alidakia Bibi kabla ya mtu mwingine.

Lakini hata kwa Kiswahili habari yenyewe hakuijua. Alikuwa amesoma kwa mdomo tu.

"Ndiyo maana unaanguka," alisema Mwalimu kwa upole. "Sasa tuanze upya. Kwanza soma maswali, ujue unatafuta nini. Halafu soma kifungu kizima bila kusimama, hata ukikutana na neno usilolijua. Kisha niambie habari hiyo kama unavyomsimulia jirani."

Mama Pacha alisoma tena, safari hii kimya na polepole. "Kuna mtu ana duka," alisema. "Mvua imenyesha usiku. Paa linavuja. Asubuhi anakuta unga wake umekuwa... Hili neno, 'soaked', silijui."

"Usilikimbilie kamusi. Soma sentensi iliyo kabla, na inayofuata."

"Kabla, mvua inapita kwenye paa. Baadaye, unga haufai kuuzwa." Macho yake yakafunguka. "Umelowa chapachapa!"

"Nani amekuambia?"

"Mvua ndiyo imeniambia!" Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu wiki ianze. "Kumbe ni neno la kazini kwangu! Mimi kila asubuhi naloweka."

Likaja swali. Kwa nini mwenye duka alifunga mapema? Mama Pacha alitafuta neno "kufunga" katika kifungu, akaanza kunakili mstari wote.

"Hapo simama!" Mwalimu alimshika mkono. "Sisi wasahihishaji tunawajua watu wa mchezo huo. Mstari huo unasema alifunga saa ngapi. Mimi nimekuuliza kwa nini. Weka kidole kwenye mstari unaokupa jibu. Ukikosa pa kuweka kidole, bado hujapata."

Kidole kilitembea juu, kikatembea chini, kikasimama. "Hapa. Alikwenda kumtafuta fundi wa paa."

"Mama Pacha," alisema Mwalimu, "nani alikudanganya kwamba kichwa chako ni kibovu?"

Tangu jioni hiyo, sheria ya Kinyozi ilifutwa, na kelele zikarudi nyumbani kwao. Mwalimu alimpangia Mama Pacha kazi ya kila siku, kidogo kidogo. Maneno mapya yawe machache tu, na kila neno alitungie sentensi inayohusu maisha yake. Baada ya siku chache, pacha wamwulize tena, kwa sababu neno lisilorudiwa hutoroka. Pacha waliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Walimfuata mama yao mpaka bafuni wakimwuliza maneno mlangoni.

Sarufi nayo aliianzia kwenye beseni. "Every day I wash the sheets," alisema, yaani kila siku nafua mashuka. "Yesterday I washed the sheets," jana nilifua. "Tomorrow I will wash the sheets," kesho nitafua. Alipozoea kutunga za kwake, ndipo alipofanya mazoezi ya kitabuni. Kila alipokosa, Mwalimu hakumpa jibu haraka. Alimwuliza, "Umekosa kwa nini?" Mama Pacha akishajua sababu, alitunga sentensi nyingine ya namna ile ile, sahihi.

Lakini aliyemsaidia kuliko wote alikuwa Bibi.

Kila jioni Mama Pacha alisoma kifungu kimoja cha Kiingereza, kisha akamsimulia Bibi kwa Kiswahili. Bibi hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji. Hapo ndipo palipokuwa na faida. Hakukubali hadithi yenye matundu.

"Ngoja kwanza," alisema. "Huyo dereva alikasirika. Alikasirika kwa nini?"

"Haijasema, mama."

"Haiwezekani! Mtu hakasiriki bure. Rudi ukasome."

Mama Pacha alirudi, na kweli, sababu alikuwa ameiruka. Wakati mwingine Bibi alitaka kujua mambo ambayo hayakuwamo kabisa, kwa mfano kama dereva huyo ameoa. "Hilo halimo, mama," alijibu Mama Pacha. Kujua kwamba jambo halimo nako ni ufahamu. Jioni hizo mkwe na mama mkwe walivunjika mbavu kwa kucheka, na vifungu vikaeleweka.

Wiki za mwisho walifanya mitihani mizima kwa saa. Kinyozi alikaa na saa mkononi, na alitakiwa asiseme kitu mpaka muda uishe. Alijikaza kisabuni. Mtihani ukiisha, aliongea kufidia.

Siku ya mtihani, Mama Pacha alikaa kwenye dawati. Kifungu kilihusu mtu anayetengeneza miwani, kazi ambayo hakuwahi kuifikiria maishani. Maneno matatu ya mwanzo hakuyajua. Kisha aliisikia sauti ya Bibi kichwani: ngoja kwanza, huyu mtu anataka nini? Akasoma maswali. Akasoma kifungu chote bila kusimama. Akakirudia, na habari ikaanza kukaa sawa. Alipojibu, kidole chake hakikukosa mahali pa kusimama. Alipomaliza, muda ulibaki wa kukagua sentensi zake moja moja.

Matokeo yalitoka wakati Kinyozi akimnyoa mteja. Mama Pacha alitokea mlangoni na simu mkononi. Alitikisa kichwa tu kuashiria ndiyo, tena na tena, machozi yakimtoka.

"Amefaulu!" Kinyozi alipiga ukelele. Alitupa mashine mezani, akatoka mbio kwenda kumwambia mama yake. Mteja alimfuata akiwa na nywele upande mmoja tu. Naye alikuwa akishangilia, ingawa hakujua ni nini. Bibi alimkumbatia mkwewe akakataa kumwachia. Mwalimu alisikia kelele zile kutoka kwake, na safari hii hakuwa na haja ya kuuliza kulikoni. Alikuja akiwa tayari anacheka.

Miezi ikapita. Chuo kiliwapeleka wanafunzi wake hospitalini wakajifunze kazi. Mama Pacha aliingia wodini na sare nyeupe, akakuta mama mmoja mzee amekaa kitandani, mzigo wake umefungwa. Alikuwa ameruhusiwa kurudi nyumbani. Mkononi alishika karatasi ya maelezo ya dawa, yote kwa Kiingereza.

"Mwanangu, hapa pameandikwa nini?" aliuliza yule mama. "Watu wawili wamenisomea kama ilivyo, kisha wakaondoka. Nimetoka kapa."

Mama Pacha aliichukua karatasi. Aliisoma yote, kimya, polepole. Kisha akakaa pembeni mwa kitanda.

"Dawa hii utameza asubuhi na jioni, ukishakula," alisema. "Usimeze na tumbo tupu, itakuumiza. Ukianza kuwashwa mwili, usisubiri. Iache, uje utuone. Na hata ukijisikia umepona, usiikatishe. Imalize yote."

"Kumbe ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu, mama. Hebu nisimulie na wewe."

Yule mama alirudia mwenyewe, moja baada ya jingine, wala hakukosea. Kisha alishusha pumzi ndefu. "Nilikuwa naogopa kurudi nayo nyumbani," alisema.

Mama Pacha alimbebea mzigo mpaka mlangoni. Siku ile ya matokeo alifurahi sana, lakini siku hii alifurahi zaidi.