Mwaka Usio na Namba

Kila asubuhi kabla ya shule, Wafaa humsaidia mama yake kufuta chupa za asali katika duka lao, Tabora mjini. Siku ile alifuta chupa moja mara tatu huku midomo ikimchezacheza. Hotuba, jamani! Ilikuwa Siku ya Mtoto wa Afrika, na kati ya Darasa la Saba lote ni yeye aliyechaguliwa kuwaeleza wageni grafu aliyoichora mwenyewe. Ilionyesha fedha za misaada ya watoto kutoka nje, mwaka hadi mwaka, kwa Tanzania na nchi moja jirani.

"Hebu nami niisikie," alisema mama.

Wafaa alieleza mstari wa kijani wa Tanzania, kisha mwekundu wa majirani. Akafika pale alipopapenda kuliko pote. "Mwaka huu hapa, ndugu wageni, mstari mwekundu unaanguka mpaka chini. Watoto wa jirani zetu hawakupata hata senti!" Katika mazoezi darasa zima lilisema "Maskini!" kisha likampigia makofi.

Mama hakupiga makofi. "Hata senti? Ndivyo ilivyosema karatasi ya namba aliyokupa mwalimu?"

"Penye mwaka huo palikuwa na kistari tu, mama. Nikaweka sifuri."

"Mh! Juzi nilipokwenda msibani Nzega, baba yako aliuza asali kutwa bila kuandika chochote. Utasema hatukuuza?"

Wafaa akachukua mkoba wake, akatoka. Kitumbua chake kilibaki kwenye sahani. Barabarani nusura agongwe na bajaji. "We mtoto, macho umeyaacha nyumbani?" dereva alifoka, naye hata hakumsikia vizuri.

Shuleni viti vya wageni vilikuwa vimeshapangwa. Benjamini, msaidizi wake, alikuwa ameikariri hotuba yote na alingoja tu Wafaa apate mafua. Nani atajua? Wafaa alijiuliza. Wageni watapiga makofi, watakunywa soda, wataondoka. Lakini wataondoka wameubeba uongo wake, na wataupeleka kwa wengine. Hapo akaogopa zaidi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona uso huo?" aliuliza Mwalimu Apolinaria.

Wafaa alimwambia yote bila kupumua. Mwalimu akaweka kidole kwenye ile sifuri. "Na utamu wote wa hotuba yako uko hapo."

"Najua, mwalimu. Kama ni kumpa Benjamini, mpe tu." Machozi yalimlengalenga.

"Benjamini ndiye aliyeweka sifuri? Kosa ni lako, utalieleza wewe. Lete gundi."

Walibandika kipande cha karatasi nyeupe juu ya sehemu yote ya mstari iliyoshuka hadi sifuri. Mstari mwekundu ukakatika katikati, na juu ya pengo wakaandika: Hakuna taarifa. Lo, grafu ilivyoharibika!

Wageni walipoketi, Wafaa alisimama mbele yao. Alieleza mpaka akafika penye pengo. "Hapa nilikuwa nimeweka sifuri. Nilikosea. Mwaka huo huenda majirani zetu walipata kidogo, huenda walituzidi. Sisi hatujui."

Hakuna aliyesema "Maskini!" Wafaa akatamani ardhi immeze. Mgeni rasmi, mama mmoja mwenye miwani, akanyanyua mkono.

"Na miaka mingine, binti, umeihakiki?"

"Ndiyo, mama. Namba kwa namba."

"Basi hiyo mingine naiamini, maana huu usioujua umeusema," alisema mgeni, akaanza kupiga makofi. Ukumbi mzima ukamfuata, Benjamini naye.

Baadaye Mwalimu Apolinaria alimwita pembeni. "Umeona? Usipojua jambo, sema hujui. Ukijaza pengo kwa kubuni, siku ukibainika hata ukweli wako wote utatiliwa shaka."

"Nimeelewa, mwalimu," alijibu Wafaa. Ndipo akakikumbuka kitumbua alichokiacha nyumbani, akasikia njaa kwelikweli.