Mkono Usio na Mtu

Kinusishi kililia mara moja, na Bi Zuwena, ambaye pua yake ilikuwa imekufa miaka mitano, akapiga ukelele: "Karafuu! Raya, mwanangu, karafuu mbichi hizo!"

Raya akabubujikwa na machozi. Mwacheni alie. Wete nzima ilijaa roboti za kuchuma karafuu, lakini hakuna mashine iliyowahi kumrudishia mtu harufu. Na mama yake si mtu hivi hivi: kipofu tangu utotoni, fundi wa kuchanganya udi wa maharusi, na watu aliwajua kwa pua. Hujapiga hodi, keshakuita jina. Homa ilipoua seli zake za kunusia, alipotewa na dunia mara ya pili.

Harufu ikiingia puani huamsha seli za neva ubongoni, kila harufu kundi lake, na ubongo husoma zipi zimeamka. Kinusishi, kidude kama punje ya mchele alichopandikizwa kichwani, kiliamsha makundi hayo badala ya pua. Ilihitajika ramani tu, ya kuonyesha harufu ipi iamshe kundi lipi. Raya, kwa pupa yake, alinakili ya ubongo wake mwenyewe. "Si damu moja?" alijisemea.

Bi Zuwena akacheka, akataka chetezo, akausifu udi wake. Kisha akanusanusa hewa.

"Raya, nani bi kizee huyu?"

"Hapana mtu, mama. Tuko wawili tu."

"Usinifanye mtoto. Ana liwa shingoni. Kaketi kiti hiki hiki changu."

Raya akaitazama shingo ya mama yake. Liwa ile ya kunukia alimpaka yeye mwenyewe asubuhi.

"Na wewe uko wapi?"

"Si huyu hapa, nimekushika mkono."

Bi Zuwena akaunusa mkono ule, kiganja hadi kiwiko, akausukuma. "Loh! Mkono huu hauna mtu!"

Hapo Raya akafahamu. Ubongo huizoea harufu ya mwili wake hata ukaifuta. Ndiyo maana mtu hajinusi. Katika ramani ile ya ubongo wa Raya, harufu ya mama yake ilikuwa ya mtu mwingine, na ya Raya mwenyewe ilikwisha futwa.

"Nikitoe kinusishi, mama? Ramani haibadiliki ikishaandikwa, na nikikitoa hutanusa tena maisha."

"Unirudishe kaburini? Thubutu!"

Tangu hapo Raya hafiki chumbani bila kujifukiza udi, walau mama ajue kuna mtu. Sauti haimsaidii, kwani katika mji ule kila roboti huiga sauti za watu. Kila asubuhi Bi Zuwena husikia udi ukivuka mlango, ukaja ukaketi kando yake.

"Udi wangu huo," husema kwa adabu. "Nani kakutuma nao?"

"Ni mimi Raya, mama."

"Haya. Mwambie Raya aje mwenyewe. Siku nyingi sijamnusa."