Wimbo wa Tatu Kwenye Albamu

"Zima hicho kitu," Chiriku alisema.

Sauti yake ilikwaruza kama kiti kinachokokotwa sakafuni. Fundi, mchumba wake, akazima mitambo. Wimbo ule ulikuwa wa Chiriku mwenyewe, ule uliowaliza watu makanisani kabla hajapasuliwa koo. Sasa ulikuwa wa tatu kwenye albamu ya nyimbo za injili zilizotamba, na albamu ilikuwa inazinduliwa jioni hiyo hiyo, katika ukumbi huo huo.

"Uliniambia umeutoa kwenye albamu."

"Nilitaka kuutoa, mpenzi."

"Sikukuuliza ulitaka nini."

Fundi aliinamisha kichwa. Alikuwa amemwomba mkurugenzi wa studio mpaka akachoka, na mkurugenzi akamcheka: "Nitoe wimbo unaouza albamu kwa sababu ya uchumba wenu?" Alipokosa la kufanya, akamtumia Chiriku ujumbe: "Tayari mpenzi. Wimbo haumo." Njia ya mwongo ni fupi, na yake iliishia hapa, mbele ya watu wanaopanga viti.

Simu yake iliita. Akiharakisha kuipokea, akabonyeza spika bila kutaka.

"Fundi, mwambie shemeji asihofu," mkurugenzi alisema. "Apande jukwaani, afunguefungue mdomo tu. Wimbo tutaupiga. Nani atajua?"

"Mungu," Chiriku alijibu.

Simu ikakatika.

"Naacha kazi leo leo," Fundi alisema.

"Ukiacha, watamweka mwingine na wimbo utapigwa."

"Basi nifanye nini? Niambie nifanye nini."

"Nijibu tu. Ukivaa zile spika zako za masikioni, unamsikiliza nani?"

"Wewe."

"Yule si mimi tena. Tangu nitoke hospitali, umenirekodi mara ngapi?"

Fundi aligeukia mitambo yake.

"Wewe unarekodi hata mvua ikipiga bati. Unarekodi mlango ukilia. Mimi naongea nawe kila siku, na hujawahi kuniwekea kipaza sauti."

Fundi angeweza kudanganya tena, lakini uongo ulikuwa umemwishia.

"Niliogopa," alisema. "Nikirekodi sauti hii, nitakuwa nimekubali kwamba ile hairudi."

"Hairudi. Daktari aliniambia mimi, nikalia, nikakubali. Umebaki wewe."

"Nakupenda."

"Najua. Ndiyo maana inauma. Lakini siwezi kuolewa na mtu anayeshtuka nikimwita."

"Na harusi? Mama yako nitamwambia nini?"

"Mama nitamwambia mwenyewe. Hii hii sauti inatosha."

Akachukua mkoba wake, akatoka taratibu bila kugeuka. Fundi hakumfuata. Angemfuata na maneno gani?

Jioni ukumbi ulifurika. Mkurugenzi akainua kidole, na Fundi, maji yakiwa yamemfika shingoni, akaupiga wimbo wa tatu. Watu walisimama, wakainua mikono, wengine wakalia. Mtu mmoja akauliza mwimbaji yuko wapi.

"Amesafiri," mkurugenzi alisema.

Fundi aliisikiliza sauti ile laini aliyoitunza kama mboni ya jicho, na kwa mara ya kwanza hakuitaka. Aliitaka ile ya kukwaruza. Akafungua kompyuta yake, akatafuta kila mahali alipohifadhi sauti. Mvua ilikuwapo, mlango ulikuwapo. Ya Chiriku wa sasa hakuwa nayo hata neno moja.