Kwaya ya Mtu Mmoja

Mashine ya kusaga ya mtaa wa Lizaboni ilinguruma Jumamosi ile hata watu kwenye foleni wakawa wanazungumza kwa mikono. Sauti ya Kunegunda ilipita juu yake kama vile mashine haipo.

"Nimesema dona, kaka, si sembe. Hilo debe langu unalimimina wapi?"

Kijana mmoja mwenye fulana nyeusi na nywele zilizosukwa alikuwa ameielekezea mashine simu. Akaigeuza taratibu upande wake.

"Unanirekodi?"

"Nilikuwa narekodi mashine, natafuta mlio wa ngoma. Umeingia mwenyewe."

"Basi nitoe."

"Siwezi, dada. Umeishinda mashine."

Kunegunda, kitenge chake cha njano kikiwa cheupe kwa unga, alicheka bila kutaka. Kijana aliitwa Leonce, fundi redio wa mtaa wa Mfaranyaki na mpiga gitaa wa bendi ya metali: magitaa ya umeme yanayokimbia kwa hasira, na waimbaji wanaopaa juu kuliko hayo magitaa.

Simu zikaanza siku hiyo hiyo.

"Mama Kelele, umekula?"

"Nimekula. Wewe umekula nyaya?"

Kwa miezi mitatu Kunegunda aliiimbia bendi hiyo chumbani kwa Leonce, magodoro yameegemezwa ukutani kuzuia mwangwi. Aliimba sauti ya kwanza, akaimba ya pili juu yake, kisha ya tatu. Ya nne, ya wanaume, aliishusha mpaka koo likawasha. Zilipounganishwa, ukadhani watu arobaini wameingia vitani. Walipendana humo, kati ya wimbo na wimbo.

Albamu yao ya kwanza ilitoka mtandaoni siku ya Ijumaa. Kunegunda aliisoma orodha ya wasanii wake kwenye simu, akiwa kwenye cherehani yake mtaa wa Bombambili. Gitaa: Leonce. Besi: Osmund. Ngoma: Abdulswamadu. Sauti: Kwaya.

Akapiga.

"Kwaya gani, Leonce?"

"Mpenzi, nimeandika tu kama tunavyoandika. Miaka yote niliyopiga kinanda parokiani, hakuna kanda yetu iliyotaja mwimbaji. Tuliambiwa anayesifiwa ni Mungu."

"Na kwenye gitaa anasifiwa nani?"





"Nitarekebisha albamu ijayo, mama."

Kunegunda alikata simu. Wiki mbili zilizofuata alishona sare za shule kana kwamba kitambaa kimemtukana. Wateja waliipiga ile albamu mbele yake na kuuliza, hii kwaya ya wapi, mbona inatisha hivi? Kila alipoulizwa, hasira ilimpanda upya. Ujumbe wa Leonce aliufuta bila kuusoma.

Jumanne mchana Leonce alisimama mlangoni mwa kibanda chake cha ushonaji.

"Nimeitoa," alisema.

"Nini?"

"Albamu. Nimeifuta kote. Osmund hanisalimii."

"Nikuonee huruma?"

"Hapana. Soma hii."

Alimpa simu. Orodha ilikuwa mpya. Sauti ya kwanza: Kunegunda Ngonyani. Sauti ya pili: Kunegunda Ngonyani. Ya tatu na ya nne, vilevile, kila moja na mstari wake, juu ya magitaa na ngoma.

"Sijairudisha hewani," Leonce alisema. "Ukitaka ife, itakufa."

Kunegunda alisoma mara mbili, mguu ungali kwenye pedali.

"Ya nne ianze. Hiyo ndiyo iliyoniua koo."

Leonce akaipandisha juu ya orodha. "Bado umekasirika?"

"Sana."

"Nikuulize kitu? Hilo jina la Ngonyani, kwenye albamu ya pili litakuwa bado hilo hilo?"

Alimtazama kwa jicho kali, akaelewa anachoombwa, na hasira haikumwisha hata kidogo.

"Ngonyani ndiye aliyeimba. Hata ukinioa, kwenye albamu nabaki Ngonyani."

"Kwa hiyo nikuoe?"

"Nimesema hata ukinioa." Akamrudishia simu. "Rusha kwanza hiyo albamu, nikiwa naona."