Kitabu Kilichochomwa Karakanani

Jumatatu moja ya mwaka 1953, saa moja na robo asubuhi, historia ya shule ya ufundi ya Dodoma ilikutwa majivu. Ilikuwa kitabu kimoja tu, kilichoandikwa kwa mkono, cha kusomwa mchana ule mbele ya wageni. Kona ya jalada ndiyo iliyobaki katika tanuri la wahunzi.

Koplo Msafiri aliitazama kona hiyo bila hisia. Tangu amzike mkewe hakuna kilichomgusa. Kazi aliifanya kwa sababu miguu ilishazoea njia.

"Mhalifu ninaye," alisema mkuu wa shule, Mzungu. "Yoramu. Alisikika akisema kichomwe. Saa sita namfukuza."

Yoramu, mwanafunzi wa useremala mwaka wa mwisho, alikuwa amefungiwa stoo.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Ulisema kichomwe?"

"Nilisema. Miezi miwili Mwalimu Bartolomayo ananisomea, mimi naandika, eti nina mwandiko mzuri. Wenzangu wanaranda mbao. Nilichoka. Lakini sikukichoma, afande. Nikikosa cheti narudi Mtera kuchunga mbuzi wa watu."

Mansukh, muuza makaa, naye alishukiwa kwa kuwa huingia karakanani kuleta makaa, lakini tangu Jumamosi alikuwa Kondoa. Basi, siri ya mtungi aijuaye ni kata; Msafiri akarudi tanurini. Makaa ya katikati yalikuwa jivu. Ya pembeni yalikuwa na unyevu. Koleo lilitundikwa kwenye msumari wake.

Akamwita Bartolomayo, mwalimu wa uhunzi.

"Kwa nini makaa ya kando hunyunyiziwa maji?"

"Moto usitambae."

"Seremala anajua hilo?"

"Hajui."

"Una wanafunzi wangapi wa uhunzi mwaka huu?"

"Hakuna. Wanaanza Julai."

"Basi ni wewe, mwalimu. Seremala angetupa kitabu na kukimbia. Wewe ulinyunyizia, ukatundika koleo."

Mzee akaketi juu ya fuawe, lile pande la chuma la kufulia vyuma.

"Mwaka arobaini na saba gurudumu la mashine lilimuua mwanafunzi wangu, Sila. Mkuu wa wakati ule akaamuru tuseme ametoroka. Tukamzika nyuma ya uwanja. Uongo huo nikamsomea Yoramu, akauandika. Jana nikaambiwa mama yake Sila ni mgeni wetu. Ningeusomaje mbele yake?"

"Na Yoramu ukamwacha afukuzwe?"

"Niliogopa. Naona haya, koplo."

Msafiri akaandika maelezo yote, akamfungulia Yoramu, akamwambia mkuu asimguse. Kisha akatoka nje. Mama mmoja wa Kigogo, Dorkasi, alikuwa ameketi benchini, miguu ina vumbi la safari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Watasoma saa ngapi? Huenda kitabu kinasema Sila alikimbilia wapi. Miaka sita sifungi mlango kwa komeo."

"Hakukimbia, mama," alisema Msafiri, akampa mkono ainuke. "Yuko hapa, nyuma ya uwanja. Twende nikupeleke."